Slaidi Kuukuu za Hadubini: Jinsi ya Kumtambua Fundi Asiyeandika Jina Lake

Slaidi kuukuu, yaani kile kibamba cha kioo chenye kitu kidogo cha kutazamwa, ikifika mkononi mwako, usikimbilie kuiweka chini ya hadubini. Najua mkono unawasha. Lakini kiroboto aliyezikwa kwenye utomvu wa mti, uliotumika kama gundi angavu, miaka ya 1860 hana pa kwenda, na ukimtazama yeye kwanza utamsahau aliyemzika. Fundi utamkuta kwenye ukingo wa kioo, kwenye mkunjo wa karatasi, kwenye duara la vanishi na kwenye mwandiko wa lebo, na hayo yote huonekana kwa macho matupu au kwa lenzi ndogo ya mkononi.

Mimi hukusanya slaidi za karne ya 19 zilizotengenezwa Uingereza, Ufaransa na Ujerumani. Karibu kila anayeniletea slaidi nimsaidie huja na jibu lake tayari: "Hii ni ya fulani, si jina lake hili hapa?" Jina lile mara nyingi ni la mwenye duka. London ya wakati wa Malkia Victoria ilijaa maduka ya miwani na hadubini yaliyouza slaidi kwa wingi, ila wengi wa wenye maduka hawakuzitengeneza wao. Walizinunua kwa jumla kutoka kwa mafundi waliofanya kazi nyumbani, pengine familia nzima ikishiriki, kisha wakabandika lebo ya duka. Slaidi mbili zenye majina mawili zaweza kuwa zimetoka meza moja, na tatu zenye jina moja zaweza kuwa kazi ya mikono mitatu. Kwangu mimi jina la lebo ni dokezo tu. Ushahidi ni mkono wa fundi.

Unachohitaji

Lenzi ya mkononi inayokuza mara 10, tochi ndogo, rula yenye milimita, kitambaa cheusi, brashi laini ya rangi za maji na daftari. Basi. Spiriti, sabuni na tapentaini ziache kabatini. Nitaeleza sababu nikifika kwenye usafi. Kabla ya kugusa chochote piga picha ya pande zote mbili za slaidi, maana lebo kuukuu zina tabia ya kubanduka siku ile ile unapoamua kuzisoma.

Anza na kioo

Pima. Slaidi ya Kiingereza ya kawaida ina urefu wa inchi 3 na upana wa inchi 1, yaani takriban milimita 76 kwa 25. Kipimo hicho kilienea baada ya kuanzishwa kwa Microscopical Society of London (chama cha hadubini cha London) mwaka 1839. Kabla yake kila fundi alikata kioo apendavyo. Kwa hiyo slaidi fupi au nyembamba kupita kiasi ni ya kutiliwa maanani, ingawa usishangilie mapema: Ujerumani ilikuwa na kipimo chake cha milimita 48 kwa 28, kinachoitwa cha Giessen, na hicho kilitumika muda mrefu baadaye.

Za zamani zaidi, za karne ya 18, hazikuwa hata za kioo. Ni vibamba vya mfupa au pembe ya ndovu vyenye matundu kadhaa kwa safu, na katika kila tundu kitu kimewekwa kati ya vipande viwili vya ulanga, madini angavu ya matabaka, vilivyobanwa kwa pete nyembamba ya shaba. Ukikipata kibamba cha namna hiyo, usiitoe pete kamwe. Ulanga hupasuka matabaka kwa matabaka, na kilichomo ndani huruka ukakikosa.

Sasa kipitishe kidole, polepole, kwenye ukingo. Ukingo mkali, uliokatwa kwa almasi ukaachwa vivyo hivyo, ni dalili ya ukale. Kingo zilizosagwa zikawa laini zilizoeleka kadiri nusu ya pili ya karne ilivyosonga. Kuna sababu ya kodi hapa. Uingereza ilitoza kodi ya kioo hadi ilipofutwa mwaka 1845, hivyo kioo kizuri kilikuwa ghali na fundi hakuwa na hamu ya kulipia kazi ya kukisaga. Kifuniko nacho kina historia yake: zamani watu walifunika kwa ulanga, hadi kiwanda cha Chance karibu na Birmingham kilipoanza, yapata mwaka 1840, kutoa vioo vyembamba vya kufunikia. Inamisha slaidi chini ya tochi. Ulanga huonyesha mikwaruzo na mawimbi, wakati kioo hurudisha mwanga safi.

Karatasi na mkunjo wake

Slaidi nyingi za miaka ya 1840 hadi 1870 zimevikwa karatasi yenye nakshi: nyekundu, kijani, buluu, wakati mwingine na maua ya dhahabu. Katikati kuna tundu la duara linaloacha kitu kionekane. Karatasi ile ilikuwa na kazi mbili zaidi ya urembo. Ilificha zile kingo kali zisimkate mtumiaji, na ilishikilia kifuniko kisiteleze, kwa kuwa utomvu huchukua miaka kukauka katikati.

Hapa wengi hujidanganya. Wanaona nakshi, wanatafuta picha ya nakshi kama hiyo, wanatangaza jina la fundi. Karatasi zilinunuliwa kwa wachapaji, na zaidi ya fundi mmoja aliweza kununua ile ile. Tazama badala yake namna ilivyokatwa na kukunjwa. Je, pembe zimekunjwa kwa mshazari au zimelazwa moja juu ya nyingine? Tundu limetobolewa kwa chuma, likawa duara kamili, au limekatwa kwa mkasi? Karatasi ya nyuma ni ya rangi ile ile au ni ya bei nafuu? Mtu aliyevika slaidi maelfu hakukunja kwa namna mbili. Mkono huzoea.

Duara la vanishi

Slaidi isiyo na karatasi mara nyingi ina duara jeusi au la rangi kuzunguka kifuniko. Fundi aliweka slaidi kwenye kisahani kinachozunguka, akakisukuma kwa kidole, akashusha brashi yenye vanishi na kuituliza. Kisahani kilichora duara, yeye alishika tu. Ukitazama kwa lenzi ya mkononi utaona brashi ilipotua na ilipoinuliwa: kuna nundu ndogo, pengine mkia. Mafundi hodari waliificha kwa duara la pili. Wengine walipenda mapambo, duara jeusi la lami, juu yake jeupe, kisha uzi mwembamba mwekundu. Rangi na mpangilio wa nyuzi hizo ni saini nzuri kuliko lebo, kwa sababu mwenye duka hakuwa na haja ya kuugusa.

Mwandiko

Weka slaidi juu ya kitambaa cheusi na umulike kutoka ubavuni, tochi ikiwa karibu sawa na meza. Mafundi wa mwanzo, na wapenzi wa hadubini wasio na duka, walikwaruza maelezo moja kwa moja kwenye kioo kwa kalamu ya almasi, na maandishi hayo hupotea kabisa ukimulika kutoka juu. Nina slaidi moja ambayo juu yake ina lebo nzuri ya duka iliyochapwa. Chini ya ukingo wa lebo hiyo, kwa mwanga wa ubavu, inachungulia herufi ya kalamu ya almasi iliyofunikwa nusu. Hapo mambo yote yapo mahali pamoja: fundi aliandika, duka likafunika. Usithubutu kuibandua lebo ili usome kilichobaki. Geuza slaidi, tafuta kivuli cha maandishi kwa upande wa nyuma, piga picha kwa pembe tatu au nne.

Kwenye lebo za mkono, acha maneno, fuata herufi. Jinsi S kubwa inavyoanza, mkia wa g, nafasi kati ya jina la Kilatini na la Kiingereza. Nikipata slaidi zenye lebo za maduka tofauti lakini herufi zile zile, naziweka droo moja hata kama simjui mwenyewe. Miaka ikipita hutokea moja yenye jina, na droo nzima inapata baba.

Kilichomo kama kalenda

Kitu chenyewe kinaweza kukuambia kwamba slaidi haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka fulani. Kipande cha ogani kilichotiwa kamini, rangi nyekundu, kwa ustadi kwa kawaida ni cha baada ya 1858, Joseph von Gerlach alipoonyesha manufaa yake. Rangi za anilini, zile zinazotengenezwa kwa kemia, haziwezi kutangulia 1856, mwanakemia Perkin alipogundua ile ya zambarau. Majivu ya volkano ya Krakatoa ni ya 1883 au baadaye, na tope la kina cha bahari kutoka safari ya utafiti ya meli Challenger haliwezi kuwa la kabla ya mwisho wa 1872. Kanuni hii haifanyi kazi kinyumenyume: radiolaria, viumbe vidogo mno vya bahari, kutoka ardhi ya Barbados viliuzwa kwa miongo mingi, hivyo kuviona hakukuambii kitu.

Ukikuta mishipa ya damu iliyojazwa rangi nyekundu au njano bila seli zenyewe kutiwa rangi, hiyo ni kazi ya sindano, ufundi uliotangulia ule wa kutia rangi vipande. Fundi alichanganya gelatini ya moto na rangi, akaisukuma ndani ya mishipa ya mnyama aliyekufa karibuni, akangoja ipoe na kuganda, ndipo akakata. Shinikizo likizidi kidogo mshipa hupasuka. Likipungua, ncha hubaki tupu. Mimi nikiona figo iliyojazwa hadi mshipa wa mwisho huvua kofia.

Mafundi wachache wa kuanzia

Charles Morgan Topping wa London, aliyefariki 1874, ndiye wa kwanza kumjua, kwa sababu kazi zake ni nyingi na zinafundisha jicho. Alisifika kwa kazi za sindano na kwa ulimi wa nzi mkubwa wa buluu. Huo ulimi uangalie vizuri. Mwishoni mwake una ndewe mbili pana, na juu ya kila ndewe vijifereji vyembamba vilivyozungushiwa pete zilizo wazi upande mmoja. Ndewe zikitandazwa vizuri, vijifereji hujipanga kulia na kushoto bila kupishana. Ili kufika hapo fundi alikibana kichwa ulimi utoke, akatandaza ndewe kati ya vioo viwili, akaukausha kwa spiriti, akaung'arisha kwa tapentaini, ndipo akaufunika na utomvu wa mti wa Kanada. Katika hatua yoyote ndewe moja ikijikunja, kazi imeharibika. Slaidi za ulimi wa nzi zilitengenezwa na kila mtu, kwa hiyo unaweza kulinganisha: weka ya Topping kando ya tatu zisizo na jina, na ndani ya dakika tano utajua tofauti ya fundi na mwigaji.

Frederic Enock (1845–1916) alikwenda njia nyingine. Wadudu wake wengi hawakubanwa, wamekaa na unene wao, macho na rangi vikiwa mahali pake. Ukilazimika kuzungusha kirekebishi cha hadubini sana ili kutoka mgongoni hadi tumboni mwa mdudu, mfikirie Enock.

John Thomas Norman na wanawe, pia wa London, walitengeneza kila kitu na kuyauzia maduka mengi. Majina ya maduka yakikuchanganya, jaribu mwandiko wa kina Norman kabla ya kwenda mbali. Upande wa Paris kuna familia ya Bourgogne. Arthur Cole alianza mwaka 1882 kuwatumia waliojiandikisha slaidi za vipande vilivyotiwa rangi pamoja na maelezo yaliyochapwa. Slaidi ikiwa bado na karatasi yake ya maelezo, usivitenganishe.

Wapo ambao kazi yao haifanani na ya mtu mwingine. Johann Dietrich Möller wa Wedel, karibu na Hamburg, alipanga diatomu, mwani wa seli moja wenye ganda kama kioo, kwa mamia kwenye kioo kimoja, safu kwa safu, kila moja mahali pake pa kuhesabika. Friedrich Adolph Nobert wa Barth hakuweka kiumbe chochote: alichora mistari kwa almasi, bendi 19, na katika bendi ya mwisho umbali kati ya mstari na mstari ni takriban mikromita 0.23. Zilikuwa za kupimia ubora wa lenzi, na nyingi ya lenzi za wakati huo zilishindwa.

Na kuna John Benjamin Dancer wa Manchester (1812–1887). Slaidi yake ukiitazama kwa macho ina nukta ya kijivu katikati, ungedhani ni uchafu. Ni picha. Alipunguza picha za watu mashuhuri, michoro na kurasa za maandishi hadi milimita moja au mbili, na lebo zake mara nyingi zina herufi J.B.D. Watu wamewahi kuzitupa wakidhani kilichomo kimeanguka. Kwa hiyo slaidi inayoonekana tupu, ikiwa na nukta, ipe nafasi chini ya lenzi ndogo. Ufaransa nako René Dagron aliichukua kazi hiyo akaipeleka kwenye biashara ya mapambo, akapata hataza mwaka 1859, na Paris ilipozingirwa mwaka 1870 akaipunguza barua kwenye filamu zilizobebwa na njiwa.

Sasa itazame

Anza na lenzi inayokuza mara 4, kisha 10. Mara nyingi hutahitaji zaidi. Lenzi ya mara 40 ya siku hizi imetengenezwa itumike na kifuniko cha unene wa milimita 0.17, na vifuniko vya zamani hutofautiana. Picha itakuwa na ukungu hata ufanye nini, na lenzi ikishuka kidogo tu zaidi umepasua kifuniko cha miaka 150. Ukiitaka kweli, tazama kutoka pembeni unapoishusha, kisha ulenge kwa kuipandisha.

Kama hakuna kinachoonekana mwanga ukitoka chini, huenda kitu kimelazwa juu ya kiwambo cheusi. Zima taa ya chini na umulike kwa tochi kutoka juu kwa mshazari. Magamba ya kipepeo na maganda ya viumbe vya bahari yatawaka. Lebo ikisema ni ya "polariscope", kitu ni cha kutazamwa kati ya vichujio viwili vya kupolarisha mwanga, yaani vya kupitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu: kimoja juu ya taa, kingine juu ya slaidi, na uzungushe kimoja hadi uwanja uwe mweusi. Fuwele, wanga na vipande vya pembe au kwato hutoa rangi ambazo hazimo kabisa ukitumia mwanga wa kawaida.

Ukiona kiputo, inamisha slaidi kidogo sana. Kiputo kikisogea, ndani kuna kimiminika. Kisiposogea, ni utomvu. Jambo hili ulijue kabla ya kufikiria usafi au kabati.

Usafi

Usafi ndio umeua slaidi nyingi kuliko uzee. Spiriti huyeyusha vanishi iliyochanganywa na shelaki. Zailini na tapentaini huyeyusha utomvu wenyewe. Maji huchukua wino na gundi ya karatasi. Na ukiondoa vanishi ili "kupaka upya", umefuta saini ya fundi. Mimi husafisha kioo kilicho wazi tu: kwanza brashi kavu, kisha ncha ya pamba iliyoguswa kwenye tone moja la maji safi yaliyochujwa na kukamuliwa hadi iwe nyevu tu, nikitoka katikati ya kifuniko na kusimama kabla ya kufika kwenye duara au karatasi. Mara moja kwa ncha kavu. Yatosha.

Usilambe pamba wala kidole, ijapokuwa utawaona watu wakifanya hivyo. Baadhi ya vimiminika vya kuhifadhia vya karne ya 19, kama kile cha Goadby, vilikuwa na kloridi ya zebaki, nayo ni sumu. Slaidi ya kimiminika inayovuja ishike ukiwa umevaa glavu, ilaze kwenye kisahani chake peke yake, nawa mikono.

Utomvu ukiwa wa manjano, uache. Umanjano hauzuii kuona, na hakuna dawa isiyohitaji kuifungua slaidi. Kifuniko kilichopasuka nacho kiache kama kimeshika. Pembe ya karatasi iliyonyanyuka ilaze kwa gundi ya wanga wa ngano iliyopikwa, kiasi kidogo kwenye ncha ya kijiti, kwa sababu hiyo inaweza kutolewa tena kwa unyevu. Gundi za papo hapo na utepe wa kunata ni mwiko.

Kuhifadhi

Slaidi zilale chali, kifuniko kikiwa juu. Utomvu wa katikati unaweza kuwa laini hadi leo, na slaidi iliyosimama kwa miaka itateremsha kilichomo taratibu hadi kifike chini ya duara la vanishi. Makabati ya zamani yenye droo bapa yalibuniwa kwa sababu hiyo. Kama una sanduku la mifereji tu, ligeuze lisimame kwa ubavu wake ili slaidi zilizomo zilale, na uandike nje upande upi ni juu. Mahali pawe pakavu na pa giza, maana rangi za anilini hufifia kwa mwanga.

Kila slaidi ipe namba kwenye daftari, si kwenye slaidi. Andika vipimo, ukingo, karatasi na mkunjo, nyuzi za vanishi kwa mpangilio wake kutoka ndani kwenda nje, lebo zote neno kwa neno pamoja na makosa ya tahajia, na uliipata pamoja na zipi. Hilo la mwisho watu hulidharau. Seti ikivunjwa kwa mauzo, slaidi yenye jina huenda kwa mmoja na ndugu zake saba wasio na jina huenda kwa wengine, na hakuna tena wa kuwaunganisha.